Dadangu Alinitangulia: Historia ya Kuruka kwa Mdundo, Kutoka Bladda Hadi Geometry Dash

Wiki mbili zilizopita nilisema kwenye video, uso mkavu kabisa, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kwenye ploti yetu hapa Makina kumaliza Time Machine, ile levo ya nane ya Geometry Dash. Wengi mlipenda. Dadangu naye aliiona. Hakuandika kitu. Alikuja akasimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniangalia, akasema, "Wa kwanza, eh?" Halafu akaenda zake.

Kwa hivyo leo si riviu. Leo ni masahihisho, na ili myaelewe lazima nianze mbali kidogo.

Kwa asiyejua hii gemu: kuna kimraba. Kinakimbia chenyewe, hakisimami, hakirudi nyuma. Kazi yako ni moja tu, kugusa skrini ili kiruke. Kikigonga mwiba kinapasuka, na unaanza levo upya kutoka mwanzo kabisa. Hakuna roho tatu kama za Mario, hakuna kununua nyingine, hapa wewe si paka. Kila ukianza unaandikiwa hili ni jaribio la ngapi, na hiyo namba haina huruma na mtu. Levo ni kama dakika moja na nusu lakini unaweza kukaa nayo mwezi mzima. Chini ya hayo yote kunapigwa muziki, na miiba imepangwa kufuata huo muziki. Shikeni hapo kwa muziki, tutarudi.

Sasa, sisi tulikuwa tunaruka kwa mdundo kabla hatujashika simu. Bladda mnaijua: tyubu ya gari inakatwa vipande vyembamba, vinafungwa viwe kamba ndefu inayovutika, wawili wanasimama ndani yake wameitanua kwa miguu, wa tatu anaruka. Mnaanza kwenye vifundo vya miguu. Ukipita, inapandishwa kwa magoti. Ukipita tena, kiunoni. Ukikanyaga vibaya umetoka, na zamu ikirudi hauendelei pale ulipoishia kwa sababu ati umechoka. Hizo ni levo, wasee. Hakuna mtu aliyetuletea hilo wazo kutoka Japani.

Na kuna kamba ya kawaida, ile ya wawili kuzungusha na wewe kuingia katikati. Mimi sikuwahi kuiweza. Wavulana tulijifanya ni mchezo wa wasichana, tukaenda kwa banta na mpira, lakini ukweli ni kwamba wengi wetu tulijaribu tukapigwa na kamba shingoni. Dadangu aliniambia kosa langu nikiwa na miaka kama kumi hivi, yeye akiwa mdogo kabisa: "Wewe unaangalia kamba. Ukiiangalia ushachelewa. Sikiliza inavyogonga chini." Nikapuuza. Nani anafunzwa na mtoi?

Ukikulia Makina masikio yako hayapumziki. Kuna adhana, kuna matatu, kuna makanisa ya Jumapili, na kuna harusi za Wanubi, ambao mababu zao walikuja hapa na jeshi la King's African Rifles, Kibera ikiwa bado msitu. Kwenye hizo harusi nimeona mashosho wakiingia kwenye ngoma ya doluka bila kutazama miguu yao hata mara moja. Bibi wa miaka sabini anaingia kwenye duara mahali palepale ngoma inapomtaka aingie. Ukimuuliza amejuaje, atakuangalia kama umemuuliza anajuaje kupumua.

Gemu za skrini kwanza zilitufikia kupitia kibanda cha PS. Kumi bob, mechi moja ya mpira, anayeshindwa anaachia pad. Nimekaa nikafikiria kwa nini katika vibanda vyote nilivyowahi kuingia, hapa na hata Kawangware kwa binamu zangu, sikuwahi kuona gemu ya mdundo. Jibu ni biashara. Mwenye kibanda anataka watu wawili wanaolipa, na kumi nyuma yao wakipiga kelele wakingoja zamu. Gemu ambayo msee mmoja anakufa kila baada ya sekunde nne, peke yake, akiwa kimya, itamlipa mwenye kibanda nini? Ndio maana ukiangalia wachezaji wakubwa waliotoka Kenya, wengi ni wa mpira na wa kupigana. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, mnayemjua kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kwa kucheza Tekken. Tekken ni gemu ya watu wawili na kelele. Kibanda kilitulea hivyo.

Na kumbe wakati huohuo, kwenye mashine ileile ya PlayStation, kule Japani kulikuwa na watu wanafanya vitu vya ajabu. Mwaka 1996 kampuni ya NanaOn-Sha ya Masaya Matsuura, ambaye alikuwa mwanamuziki kabla ya kutengeneza gemu, ilitoa PaRappa the Rapper, mbwa anayejifunza kurap na wewe unabonyeza kwa mdundo. Miaka mitatu baadaye, 1999, wakatoa Vib-Ribbon. Hii ndiyo naiona kama nyanya wa gemu zote ninazozungumzia. Sungura wa mistari meupe kwenye skrini nyeusi, anatembea juu ya mstari, na mstari unajikunja kuwa mashimo na vizuizi kufuatana na wimbo. Gemu yenyewe ilikuwa ndogo hivi kwamba ikishaingia kwenye kumbukumbu ya mashine ungeweza kuitoa CD yake, ukaweka CD yako ya muziki, na sungura akaruka juu ya wimbo wako. Fikiria hiyo kwa mwaka 1999! Mtu wa Makina angeweka CD ya Kalamashaka akacheza Kalamashaka. Lakini hata Marekani haikuuzwa hadi 2014, sembuse sisi. Mwaka 2012 jumba la sanaa la MoMA la New York lilipochagua gemu zake 14 za kwanza za kuhifadhi, Vib-Ribbon ilikuwa ndani.

Kwenye orodha hiyohiyo kulikuwa na Canabalt, ya mwaka 2009. Jamaa anakimbia juu ya paa za majengo, kitufe kimoja, kuruka tu. Mwaka huohuo ikatoka The Impossible Game, na hiyo ukiiona leo utafikiri ni Geometry Dash iliyonyimwa rangi: kimraba, miiba, muziki, kitufe kimoja, kufa. Mwaka 2010 ikaja Bit.Trip Runner, ambayo kila kizuizi unachoruka kinaongeza sauti kwenye wimbo, yaani ukicheza vizuri ndiyo unasikia muziki wote. Na Super Meat Boy mwaka huohuo, ambayo si ya mdundo haswa lakini ilifundisha watu jambo moja kubwa: ukifa, rudi papo hapo. Usioneshwe skrini ya huzuni, usiulizwe kama unataka kuendelea. Hasira haipati nafasi ya kukaa chini.

Unaona vipande vinavyojikusanya? Mdundo kutoka Japani, kitufe kimoja, kifo cha haraka. Halafu simu za kugusa zikashuka bei. Simu haina pad, haina vitufe, ina kioo tu. Gemu nyingi kubwa zilipohamia simu ziliweka vitufe vya kuchora kwenye kioo, na kila aliyezicheza anajua hiyo ni mateso, kidole kinateleza, unapiga pasi nje. Gemu ya kitufe kimoja haina hiyo shida. Skrini nzima ni kitufe.

Tarehe 13 Agosti 2013 Msweden mmoja, Robert Topala, anayeitwa RobTop, alitoa Geometry Dash. Alikuwa peke yake. Muziki aliupata kwa vijana waliokuwa wanaweka nyimbo zao kwenye tovuti ya Newgrounds, na wimbo wa Time Machine ni wa mmoja wao, Waterflame, kutoka Norwe. Tena akawapa wachezaji uwezo wa kutengeneza levo zao wenyewe, na hapo ndipo gemu ikawa kubwa kumshinda hata mwenyewe. Toleo la 2.1 lilitoka Januari 2017, na lile lililofuata, 2.2, likaja Desemba 2023. Kati ya hayo mawili Kenya ilipiga kura ya urais mara tatu, ukihesabu ile ya marudio. Na bado watu hawakuondoka, kwa sababu levo mpya zilikuwa zinatoka kwa wachezaji kila siku.

Makina ilifika vile vitu vyote vilifika: kwa Xender. Kijana wa duka la muvi alikuwa nayo kwenye kompyuta, unampelekea memori kadi, anakuwekea nyimbo mia, muvi mbili zilizotafsiriwa, na gemu chache juu yake kama bonasi. Najua, RobTop hakupata hata ndururu yangu wakati huo. Nilikuja kuinunua baadaye, na sisemi ili nisifiwe, nasema tu ili tuwe sawa. Iliyotufanya tuikumbatie ni kwamba haikula bando. Levo zake kuu zinachezwa bila intaneti. Gemu zinazotaka mtandao saa zote zilikuwa za watu wa wifi.

Machi 2020 shule zikafungwa. Mimi nilikuwa fomu tu, dadangu darasa la tano. Kuanzia tarehe 27 mwezi huo kukawa na kafyu, saa moja jioni kila mtu ndani. Chumba kimoja, watu wanne, simu moja nzuri, ya mathe, na hiyo "nzuri" niiweke kwenye mabano. Skrini ilikuwa imepasuka kutoka kona ya juu na upande wa kulia kulikuwa na sehemu iliyokufa, ukigusa haisikii. Tulikuwa na zamu: kufa mara ishirini, unapitisha. Mimi, binamu yangu aliyekwama kwetu, na dadangu, ambaye mwanzoni hatukumpa zamu yoyote. Alikuwa anaangalia tu kutoka kitandani.

Time Machine ni levo ya ushenzi. Unakimbia vizuri kutoka kushoto kwenda kulia kama binadamu wa kawaida, halafu unapita kwenye mlango fulani na skrini yote inageuka. Sasa unakimbia kulia kwenda kushoto. Macho yanachanganyikiwa kabisa. Kila kitu ambacho kidole kilijifunza kinaonekana kimehama. Mimi nilikuwa nafika 60, 65, kisha mlango, kisha kufa. Kuna njia ya mazoezi, ambapo unaachiwa vialama vya kijani na ukifa unarudi hapo karibu badala ya mwanzo, na tulishinda humo tukikariri kila mwiba. Ruka, ruka, ngoja, ruka. Tuliikariri kama surua za hesabu. Tukitoka kwenye mazoezi, mlango, kufa.

Nieleze kitu hapa kuhusu utamu wake, kwa sababu wazazi huuliza kwa nini mtu anapenda kitu kinachomkataa mara elfu moja. Mwaka huo kila kitu kilikuwa kinakataa bila kueleza. Shule zimefungwa, mpaka lini? Hawajui. Kazi ya mathe ya kufua kwa watu ilisimama, mpaka lini? Hawajui. Hii gemu ilikuwa kitu pekee kwenye hiyo nyumba ambacho kilikuwa na sababu. Ukifa, unajua ulipokosea, mwiba uko palepale ulipokuwa jana, haujahamishwa na mtu. Haikupendelei, haikuonei. Kesho ukiwa umebadilika, matokeo yanabadilika. Siwezi kuwaambia ilikuwa tamu kiasi gani, kushindwa na kitu chenye haki.

Basi, usiku mmoja jirani akatuazima spika ya Bluetooth. Binamu akaiunganisha kwa mbwembwe, tukasema leo tunacheza kama matajiri. Tukafa vibaya ajabu. Hata mwanzo wa levo, ambao tulikuwa tunaupita tukiongea, ukatushinda. Tukalaumu betri, tukalaumu joto. Ni dadangu aliyesema kutoka kitandani, bila kuinua kichwa, "Sauti inakuja nyuma."

Alikuwa sahihi. Sauti ikipita kwa Bluetooth inachelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muvi hautajali sana. Lakini skrini ya kawaida ya simu inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hivyo sehemu moja ya kumi ni picha sita. Kimraba kishapita mwiba wakati ngoma ndiyo inakuambia ruka. Sisi tuliodhani tunacheza kwa macho, kumbe mwili ulikuwa unafuata masikio siku zote, na hatukujua mpaka masikio yalipodanganywa.

Tukazima spika. Dadangu akashuka kitandani, akachukua waya zangu za masikio za mia, akaomba zamu. Tukacheka tukampa ishirini zake. Akafa ishirini. Kesho yake tena. Lakini alikuwa anafanya kitu ambacho hatukuwa tunafanya: kwenye zamu zetu alikuwa anasikiliza tu, amefumba macho, mguu unagonga sakafu. Hakuingia kwenye mazoezi hata mara moja. Sikumbuki ni siku ya ngapi, lakini nakumbuka stima zilikuwa zimepotea na simu ilikuwa na asilimia kama tisa. Alipofika kwenye ule mlango, skrini ikageuka, na yeye akaangalia kando. Nawaambia aliangalia ukuta! Kidole kikaendelea kugonga upande wa kushoto wa kioo, upande mzima. Ukimwona ungesema anaruka kamba.

Akamaliza. Akavua waya, akanirudishia simu, akasema, "Ni kama bladda ya kiuno tu," akalala.

Hakuna ushahidi. Simu haikuwa na nafasi hata ya picha moja, achilia mbali kurekodi skrini. Baadaye betri ikafura na mathe akaiuza kwa fundi kama spea, na kila kitu kilichokuwa ndani kikaenda nayo. Kwa dunia ya hii gemu, kitu kisicho na video hakikutokea. Wachezaji wa zile levo ngumu kabisa, za aina ya Bloodbath, ambayo Riot aliimaliza na kuithibitisha mwaka 2015, huweka rekodi zao ili wengine wazikague, na ni sawa, waongo ni wengi. Lakini angalia nani anaweza kuwa na ushahidi. Skrini ya kompyuta ya mchezaji mkubwa inabadilika mara 240 kwa sekunde au zaidi, yaani anaona mwiba kila baada ya milisekunde nne na kidogo. Simu ya mathe, milisekunde 16 na zaidi, juu ya kioo kilichopasuka. Hapa ndipo ile haki niliyoisifu inaisha. Mwiba ni uleule kwa kila mtu, kweli. Kioo si kilekile.

Nami nikaongezea dhuluma yangu juu ya hiyo. Mwaka huu nimemaliza Time Machine kwa simu yangu mwenyewe, kioo kizima, waya nzuri, nikairekodi, nikapaza sauti nimekuwa wa kwanza. Sikuwa nimesahau. Usiku ule nilikuwa nimeketi kando yake, nilishika tochi. Nilijua tu kwamba hana video.

Jana nilimwambia nitaandika haya. Sasa yuko sekondari na hachezi gemu, anasema zinamuumiza kichwa. Aliniuliza nitaandika alifika kwa jaribio la ngapi. Nikasema sikumbuki, elfu moja na kitu. Akasema hiyo ilikuwa namba yetu sote watatu, zamu zangu na za binamu zikiwemo, na zake nizitoe nizihesabu peke yake. Nimejaribu, kwa siku tulizocheza na ishirini zake kila siku. Haifiki mia mbili.